Kinu cha Mama Pumba: Joto Ndani ya Gunia

Mkono wa Mama Pumba bado umo ndani ya gunia. Umo humo tangu wiki iliyopita, msomaji, maana ndipo tulipomwacha: amepiga goti kwenye sakafu ya stoo, amezamisha mkono hadi kiwiko katikati ya mahindi, na rangi imemtoka usoni.

Sasa tumruhusu autoe.

Aliutoa polepole. Akaugeuzageuza kama si wake. Kisha akauweka shavuni.

Ulikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua, kwa sababu stoo ile haina dirisha. Lilikuwa joto la mtoto mwenye homa. Mahindi makavu ukiyazamishia mkono yanakupoza. Mahindi yenye joto ni mabichi. Yanatoka jasho humo ndani, na kwenye jasho hilo ukungu unaota.

"Ee Mungu," alinong'ona, "nifanye niwe nimekosea."

Akaenda gunia la pili. Joto. La tano. Joto. Kwenye gunia moja la chini kabisa, karibu na ukuta, alitoa punje tatu zilizogandana, na katikati yake kulikuwa na kitu cha kijani chenye manyoya.

Kwa wale wanaojiunga nasi leo: Mama Pumba ni jina alilopewa na wafugaji, nalo halimkeri. Kinu chake kidogo cha chakula cha mifugo alikirithi kwa marehemu baba yake. Ana mashine moja ya kusaga, kichanganyio kimoja, mizani ya kusimama, na wanaume wawili wa kumsaidia. Mwaka huu mvua iliwakuta wakulima wakivuna. Wiki tatu nzima hakuna lori la mahindi lililofika. Wafugaji walikuwa wanakuja getini na mifuko mitupu na kurudi nayo mitupu. Mpaka juzi, dalali alipofika na magunia mia moja na ishirini chini ya turubai jipya, na mtaa mzima ukashangilia.

Hayo ndiyo mahindi yenye homa.

Huku nje mashine ilikuwa inanguruma. Msomaji, inanguruma! Yaani wakati yeye anauguza mkono wake, mahindi yale yale yalikuwa yanasagwa.

Mama Pumba alitoka mbio.

"Kelele! Zima!"

Kelele ndiye mwendesha mashine. Amekaa na mashine ile miaka kumi na sita, sikio moja halisikii tena, ndiyo maana hata akikusalimia anafoka.

"UNASEMAJE, MAMA?"

"Zima mashine!"

"NIIPIME?"

Hakubishana naye. Alipita chini ya mkono wake akashusha swichi. Mkanda ukaguna, ukazunguka mara chache, ukasimama.

Kimya.

Mtaa ule unaijua mashine ya Mama Pumba kama unavyojua mapigo ya moyo wake. Ikinyamaza kabla ya saa sita, watu hutoka nje kutazama. Wafugaji kumi na zaidi waliokuwa wamejipanga getini walinyoosha shingo.

"Umesaga magunia mangapi?" Mama Pumba aliuliza.

"ISHIRINI! TANGU JANA!"

"Taratibu, baba. Yako wapi?"

Kelele alijaribu kunong'ona, akashindwa. "MANANE HAYA HAPA. KUMI NA MBILI NIMECHANGANYA CHAKULA CHA NG'OMBE, MAMA MAZIWA KAJA KUCHUKUA ALFAJIRI!"

Mama Maziwa! Mwanamke mwenye ng'ombe watano, ambaye maziwa yake huenda moja kwa moja chekechea.

Alichukua simu akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Nani amesimamisha kazi?"

Sauti ile ilitoka mlango wa nyuma. Alikuwa Baba Mdogo.

Huyu ni mdogo wa marehemu baba yake Mama Pumba, na katika kinu kile neno lake ndilo la mwisho kwenye nafaka. Ana desturi yake. Huchagua punje moja kutoka katikati ya gunia, huifuta kwenye mkono wa shati, huiweka kwenye magego ya kulia, hufumba macho, halafu huuma. Ikilia "kah!" mahindi ni makavu, yashushwe. Ikibonyea bila sauti, lori ligeuze. Hajawahi kukosea. Marehemu alipokuwa kitandani, pumzi zinahesabika, alimshika binti yake akamwambia, "Usinunue mahindi ambayo mdogo wangu hajayauma."

"Ni mimi, Baba Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine imeharibika?"

"Hapana. Mahindi yana joto."

Baba Mdogo alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Na kweli walikuwa mbele za watu, maana wafugaji walishaanza kuingia getini mmoja mmoja.

"Mahindi niliyoyauma mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Lete."

Aliletewa kiganja kizima. Akachagua punje, akaifuta, akafumba macho.

Kah!

Sauti ile ilisikika hadi kwenye mizani. Wafugaji wakapumua. Mmoja akasema, "Haya, Mama Pumba, washa basi, kuku wangu wamebaki kunidonoa mimi!" Watu wakacheka.

"Makavu," alisema Baba Mdogo. Akageuka, akaondoka zake, mgongo umenyooka.

Mama Pumba alibaki na kiganja kile. Bila kuonekana alijitia punje moja mdomoni, kutoka kiganja kile kile, akauma.

Haikulia. Ilibonyea kama maharage yaliyochemka.

Akauma nyingine. Ikabonyea.

Msomaji, jiweke mahali pake. Mzee amekulea. Mzee hajawahi kukosea. Masikio yako yamesikia "kah", na meno yako yamesikia uji. Utaamini nini?

Aliingia ofisini akafunga mlango. Juu ya kabati kulikuwa na chupa ya kioo na chumvi aliyokuwa ameikausha juani. Kipimo hicho alifundishwa kwenye darasa la jioni la wafugaji, naye hakuwahi kukitumia kinuni, kwa kuona kingemvunjia mzee heshima. Leo alitia mahindi kwenye chupa, akatia vijiko viwili vya chumvi, akatikisa. Akaiweka mezani. Akasubiri huku midomo yake ikiomba bila sauti.

Mahindi yakiwa makavu, chumvi hudondoka yote chini.

Chumvi ilishika kwenye kioo kama unga kwenye mikono ya mpishi.

Alichukua chupa ile akatoka kumtafuta Baba Mdogo. Hakuwa stoo. Hakuwa kwenye kivuli cha paa. Alizunguka nyuma ya kinu, kwenye bomba la maji, na huko akamwona.

Mzee alikuwa ameupa ukuta uso. Alikuwa anaosha kitu kwenye kikombe cha bati. Aliposikia hatua aligeuka haraka, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kama mfuko ulioshushwa unga.

Ndani ya kikombe mlikuwa na meno. Safu nzima ya juu na safu nzima ya chini, meupe kupita meno ya mtu yeyote wa umri ule.

Baba Mdogo aliivua kofia akajifunika nayo mdomo.

"Ushiniangalie," alisema.

Mama Pumba aligeuka mara moja akampa mgongo. Hivyo ndivyo walivyozungumza, yeye akitazama tangi la maji, mzee akitazama ukuta.

"Tangu lini, Baba?"

"Mweji uliopita. Yangu yalikuwa yananiua kwa maumivu. Yameng'olewa yote." Akatia meno mahali pake, na sauti ikarudi. "Sikutaka ujue. Mimi nisipokuwa na meno, hapa ni nani? Mlinzi wa nzi?"

"Na mahindi ya mwezi uliopita?"

"Yale yalikuwa makavu. Yalitoka kwenye ghala la zamani, hata kipofu angejua kwa harufu. Haya ya juzi..." Akashusha pumzi. "Nikiuma sisikii kitu, mwanangu. Ni kama mtu mwingine anauma, mimi nimesimama pembeni. Lakini sauti inatoka. Kah! Nikadhani ni mahindi. Kumbe yanagongana yenyewe."

Mama Pumba alifumba macho. Alitaka kulia, alitaka na kucheka, na vyote viwili vilikuwa havifai.

"Meno haya yana gharama, Baba. Kwa nini hukuniambia nikusaidie?"

"Sikugharamia mimi. Nilipewa. Kijana mmoja alinihurumia. Akanipeleka mwenyewe kwa fundi, akanisubiri, akanirudisha. Akaniambia, mzee wangu, siri yako na yangu."

Mama Pumba alijua jibu kabla ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Kijana gani?"

Kabla mzee hajajibu, honi ililia getini. Mara mbili ndefu, moja fupi.

"Ndiye huyo," alisema Baba Mdogo.

Alikuwa dalali!

Dalali aliingia na lori tupu, ameegemeza kiwiko dirishani, ametabasamu kwa kila mtu. Ni mtu asiyeweza kupita bila kumwita mtu dada yangu au mzee wangu. Aliruka chini akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye suruali.

"Mbona kimya hapa? Nimedhani nimekuja msibani!"

"Njoo ofisini," alisema Mama Pumba.

"Mimi sikai, dada yangu. Nimemfuata mzee. Nataka kwenda naye mashambani akanichagulie huko huko. Akiuma yeye, nani atabisha? Vinu vyote vinamheshimu."

Hapo ndipo Mama Pumba alipouona mpango mzima. Mtu yule alinunua "kah!", akataka kuitembeza nchi nzima.

"Njoo ofisini," alirudia.

Alimwonyesha chupa. Dalali aliitazama kwa kichwa kilichoinama upande, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani.

"Chumvi imeshika," alisema. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mahindi yako ni mabichi na yameshaanza kuota ukungu. Uchukue yote."

"Mzee aliuma."

"Aliuma kwa meno yako."

Dalali alicheka. Si cheko la aibu, msomaji. Alicheka kama mtu aliyepata mwenzake wa kucheza bao.

"Umechelewa kujua, lakini umejua. Basi tuongee kama watu wazima. Changanya na pumba. Gunia moja la mahindi, matatu ya pumba, ukungu utauona wapi?"

"Sumu ya ukungu haifi kwa kuchanganywa. Ng'ombe akila, inapita tumboni inatokea kwenye maziwa. Maziwa wanakunywa watoto."

"Hee! Siku hizi umesoma, dada yangu. Hayo ndiyo mnafundishwa jioni?"

"Ndiyo. Na mengine."

Tabasamu la dalali lilibaki mdomoni lakini likaondoka machoni. Alisogea karibu na meza.

"Haya, mwanafunzi. Toka nje sasa hivi, waambie mahindi ni mabaya. Watakuuliza, si mzee aliuma? Utajibu nini? Usihangaike, nitakujibia mimi. Nitawaambia mzee wenu ana meno ya fundi, mwezi mzima hajui punje na kokoto. Watu watarudisha chakula chote walichonunua mwezi huu, kibaya na kizuri. Jina la baba yako litabaki kwenye kibao tu. Na mzee atachekwa mpaka siku ya kuzikwa. Wewe ndiye utakuwa umemzika."

Mama Pumba alikuwa amekalia kuti kavu, na aliyeshika shoka yuko mbele yake anatabasamu.

Akinyamaza, kinu kinabaki na mzee anabaki na heshima yake. Watoto wa chekechea wanakunywa sumu.

Akisema, kinu kinaweza kufungwa leo, na mtu aliyemlea anavuliwa nguo hadharani.

Aliinamisha kichwa. Maombi yake yalikuwa mafupi, kwa sababu hakuwa na muda wa marefu. "Baba, nipe kinywa. Hayo mengine ni yako."

Akafungua mlango.

Huku nje watu walikuwa wameongezeka. Na mbele yao wote, ametangulia mkono kiunoni, ndoo begani, alikuwa Mama Maziwa mwenyewe.

"Unanipigia simu mara mbili, mwenzangu, nikadhani umefiwa. Nimekimbia na ndoo ya watu. Kuna nini?"

"Chakula cha alfajiri umeshawapa ng'ombe?"

"Nisiwape kwa nini? Nimekitundika ukutani nikitazame?"

"Wote watano?"

"Wote watano, na wameramba mpaka ubao. Nini wewe, mbona unanitisha?"

"Na maziwa uliyopeleka chekechea leo?"

"Niliyakamua kabla ya kuwalisha. Kama kila siku."

Mama Pumba alishukuru moyoni kwa kitu hicho kimoja. Kisha akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie.

"Ndugu zangu, mahindi haya ni mabovu. Yana ukungu ndani. Chakula kilichotoka hapa tangu jana kisiliwe. Mama Maziwa, maziwa ya jioni usiyapeleke popote, wala ya kesho, wala ya siku zinazofuata, mpaka mganga wa mifugo aseme. Kosa ni langu. Mimi ndiye mwenye kinu, nami sikuyapima."

Kelele peke yake ndiye aliyekuwa hajasikia. "KASEMAJE?"

"Kasema tumelishwa uozo!" alijibu mfugaji wa kuku.

Hapo ukazuka ugomvi wa maneno. Mama Maziwa alitua ndoo chini kwa kishindo.

"Nimwage? Siku nzima, siku tatu, siku ngapi, nimwage? Wewe unajua ndoo moja ya maziwa inavyokamuliwa, au unajua kushika chepe tu?"

"Nisamehe, mwenzangu."

"Msamaha wako nitawapa ng'ombe wale jioni?"

"Lakini ngojeni," alisema mfugaji wa kuku. "Si mzee ameuma sasa hivi? Tumesikia wote. Kah! Imelia au haikulia?"

"Imelia!" walijibu.

"Sasa nani mwongo? Mzee au Mama Pumba?"

Macho yote yalimgeukia Mama Pumba. Alifungua kinywa, na kinywa kile alichokiombea kikakosa neno. Pembeni, kwenye ngazi ya ofisi, dalali alikohoa taratibu, kama mtu anayejiandaa kuhutubia.

"Ndugu zangu," alianza dalali, "kuna jambo kuhusu huyu mzee ambalo—"

"Nitalisema mwenyewe."

Baba Mdogo alikuwa amesimama juu ya mizani. Hakuna aliyemwona akipanda. Sindano ya mizani ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yake.

Aliingiza vidole mdomoni. Akatoa safu ya juu. Akatoa safu ya chini. Akaziinua juu kwa mikono miwili ili waliosimama nyuma wazione.

Mtu mmoja alicheka. Alicheka peke yake, akaona aibu, akanyamaza.

"Haya ndiyo yaliyolia," alisema mzee. Maneno yalimtoka yakiteleza, lakini kila mtu aliyashika. "Hayakuwa mahindi. Binti yangu amejitwika kosa ambalo shi lake. Ni langu. Niliona aibu ya kuwa kibogoyo, nikawalisha wanyama wenu uchafu. Anayetaka kucheka acheke sasa, nimesimama hapa hapa."

Hakuna aliyecheka.

"Na aliyenipa meno," akaendelea, akimnyooshea dalali mkono wenye meno, "ndiye aliyeniletea mahindi."

Lo! Dalali alitazama kushoto, akatazama kulia. Siri aliyokuwa ameinoa mwezi mzima ilikuwa imetolewa mikononi mwake na mwenye siri. Wafugaji walianza kumsogelea. Mama Maziwa aliokota ndoo yake, na hakuiokota kwa ajili ya maziwa.

"Mama Maziwa," alisema Mama Pumba, "iweke chini. Tafadhali."

"Nitaiweka. Kichwani kwake."

"Iweke chini, mwenzangu. Tuna kazi."

Mama Maziwa alivuta pumzi ndefu, akaiweka. Kisha akamwendea Baba Mdogo, akampa mkono ashuke kwenye mizani.

"Shuka, mzee, utaanguka utuongezee msiba," alisema kwa ukali, lakini mkono wake ulikuwa mpole. "Maziwa nitamwaga. Nitalia, nitamwaga. Ila ninyi wawili mtakuja kunishikia ndoo nikimwaga. Sitaki kuwa peke yangu."

"Tutakuja," alisema Mama Pumba.

Mfugaji wa kuku alijikuna kichwa. "Na sisi je? Kinu kikikosa mahindi, kuku wetu watakula hadithi ya meno?"

"Leo sina cha kukuuzia," alijibu Mama Pumba. "Kesho nitakwenda mwenyewe mashambani na chupa yangu na chumvi. Mtu akitaka kuja nami aone ninavyopima, aje."

Wakatazamana. Mmoja akasema atakwenda. Wa pili akasema, kama kuna nafasi. Haikuwa shangwe, msomaji, ila watu watatu walikunja mifuko yao mitupu wakaiacha getini, mahali pa foleni, ishara ya kwamba watarudi.

Kilichobaki ni mahindi.

"Chukua mzigo wako," Mama Pumba alimwambia dalali. "Makubaliano yetu unayajua. Kisichosagwa kinarudi."

Alitegemea matusi. Alitegemea vitisho. Dalali alipandisha mabega tu.

"Sawa, dada yangu. Nipakieni. Mali haikosi mtu."

Angekuwa ametulia, Mama Pumba angejiuliza kwa nini mtu yule amekubali upesi hivyo. Lakini alikuwa na haraka ya kuyaona yanaondoka. Alimwita Kelele, akawaita wafugaji wenye nguvu, na yeye mwenyewe akajifunga kitenge kiunoni. Walibeba gunia baada ya gunia, migongo inapata joto lile, mpaka stoo ikabaki sakafu. Magunia mia moja kamili. Turubai likatandazwa. Mama Pumba alizunguka lori akifunga kamba, fundo baada ya fundo, akikaza kwa goti, na kwa kila fundo alisema neno moja: asante, asante, asante. Mzigo haungedondosha hata punje moja mtaani.

Lori likawaka. Likatoka getini.

Aliketi kwenye ukingo wa mizani, karibu na Baba Mdogo. Mzee alikuwa ameyafunga meno kwenye kitambaa, ameyaweka mfukoni.

"MAMA!"

Kelele alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameshika kichwa.

"Nini tena?"

"LIMEKATA KUSHOTO!"

Mama Pumba alisimama. Kulia ndiko kuna barabara kuu, njia ya kurudi mashambani. Kushoto kuna njia moja tu ya vumbi, nayo haiendi mbali. Inaishia kwenye kinu kingine, chenye foleni ya kina mama na mabeseni vichwani. Kinu kile hakisagi chakula cha mifugo.

Kinasaga unga wa watu.

Alikimbia hadi barabarani. Lori lilikuwa limeshafika kwenye kona, vumbi linalifuata, turubai limetulia vizuri juu ya magunia mia moja, halipepei hata ncha, kwa sababu kila fundo alikuwa amelifunga yeye mwenyewe, huku akimshukuru Mungu.